Anko, Nilishika

Gatina, Kawangware
Jumanne, 28 Januari 2025

Kwa Anko Shiundu,

Natumai barua hii imekukuta ukiwa mzima, na kwamba lile jicho lililopigwa na cheche za welding limeacha kutoa machozi. Msalimie Anti Jael. Je, jino la Brandon limetoka, au bado anatafuna kola za mashati yako? Sisi hapa tuko salama. Jirani wa ghorofa ya juu amenunua jogoo ambaye huwika saa yoyote anayotaka, hata katikati ya maombi. Mama anakusalimu. Jumapili alipika ugali akikuhesabu wewe kama kawaida, lakini hukuja, na kipande chako kilimwendea jogoo huyo.

Mwalimu Murunga, anayetufundisha Kiswahili na ambaye pia ndiye kocha wetu, husema kwamba barua nzuri husalimia kwanza na haikimbilii shida. Nadhani sasa nimesalimia vya kutosha.

Anko, nilishika.

Nilitaka kuja kwako kukuuliza uso kwa uso. Mama akanikataza. Alisema, "Mtu mkubwa haulizwi 'kwa nini' kwa mdomo. Andika. Na ueleze kila kitu kana kwamba hakuwepo, ndipo hasira yako ipoe." Kwa hiyo naeleza.

Jumamosi, sisi wasichana wa Gatina tulicheza na wenzetu wa Soweto East huko kwenu Kibera. Ni ule mchezo wa Wamarekani uliotuletea wewe mwenyewe: mpira wenye umbo la papai, wachezaji watano kila upande, na vitambaa viwili kiunoni ambavyo mpinzani huvivuta badala ya kukuangusha chini. Wao walikuwa mbele yetu kwa pointi chache na ilibaki mara moja tu ya kurusha. Wangoi, kapteni wetu, akarusha. Nilikuwa nimekimbia hadi ndani ya eneo la bao. Nikaruka, nikaudaka. Mguu wa kulia ukakanyaga ndani, wa kushoto ukakanyaga ndani. Nikageuka, na aliyekuwa amesimama mbele yangu na filimbi ni wewe.

Unajua nilivyolelewa. Krismasi kule Butere nilikurushia kijiko, ukakiacha kipite hadi kwenye majivu, ukasema mbele ya watu wote, "Mitch, mtu mkubwa harushiwi kitu. Mikono miwili, na goti kidogo." Basi Jumamosi nilikunja goti kidogo, nikakupa mpira kwa mikono miwili. Wewe ukaweka mikono nyuma ya mgongo. Mpira ukaanguka kati ya viatu vyetu, ukapunga mikono kwamba haukushikwa, na mechi ikaisha.

Sasa shuleni naitwa Sabuni. Nyanya naye alipiga simu kutoka Butere akimwuliza Mama kama ni kweli kwamba mjukuu wake huangusha vitu.

Kitu kimoja zaidi. Ligi yetu haina kamera. Ulituambia kwamba refa asipoona vizuri humwuliza shahidi wa karibu, yaani mpinzani aliyekuwa karibu zaidi, na huyo lazima aseme kweli hata ikiumiza timu yake. Apiyo wa Soweto East alikuwa hatua moja kutoka kwangu. Mbona hukumwuliza?

Siombi matokeo yabadilishwe. Naomba useme neno moja tu: ulishika.

Barua hii ataibeba Mama Filister, anayeuza dagaa wa omena hapa sokoni Alhamisi na huko kwenu siku zingine. Nisamehe ikinuka.

Mimi mpwa wako,
Mitchelle Mideva

*

Soweto East, Kibera
12 Februari 2025

Kwa Mitch wangu,

Mulembe. Barua yako ilifika na ilinuka kweli. Paka wa plot yetu ameilalia siku mbili, ndiyo maana jibu limechelewa. Jicho limepona. Brandon ametoa meno mawili kwa mpigo, sasa haumi kola, anauma watu. Anti yako anakusalimu na anauliza nani alikufundisha kuandika hivyo, maana amesoma ile sehemu ya kijiko akacheka mpaka chai ikamtoka puani.

Tuingie kwenye maneno. Huu ubishi wako haukuanzia Gatina. Wamarekani wanaocheza kwa kulipwa wamegombana juu ya jambo hilo miaka na miaka. Wana kamera kila pembe ya uwanja, wanarudisha picha polepole mpaka unaona nyasi zikiinama, na bado uwanja mzima unanyamaza ukingoja kuambiwa kama jamaa ameshika au hajashika. Watu wazima wamekosana na mashemeji kwa sababu ya hilo. Mwaka wa 2018 wakabadilisha sheria ili ieleweke, na ndiyo tunayoifuata kwenye ligi yetu. Inataka mambo matatu. Kwanza, mpira uwe mikononi mwako kabisa, hauchezechezi. Pili, miguu miwili ikanyage ndani. Tatu, ufanye tendo la mchezaji, kama kupiga hatua nyingine, kugeuka na kukimbia, kuukumbatia mpira ili mpinzani asiupate, au ukae nao muda ambao ungeweza kufanya hivyo.

La kwanza ulikuwa nalo. La pili ulikuwa nalo. La tatu, uliupata na papo hapo ukaachana nao. Apiyo sikumwuliza kwa sababu niliona kila kitu kwa macho yangu mawili. Shahidi wa karibu ni wa refa ambaye hakuona.

Hilo neno unalotaka siwezi kulisema. Refa akishapuliza filimbi haendi kuzungumzia uamuzi nje ya uwanja, hata na mpwa wake. Hasa na mpwa wake.

Jumapili sikuja kwa sababu kazi imekuwa nyingi. Nina mageti mawili ya kumaliza. Mwambie dada yangu asinihesabu kwa sasa.

Soma kwa bidii.

Anko wako,
Shiundu

*

Gatina
Jumapili, 16 Februari 2025

Kwa Anko Shiundu,

Asante kwa kunijibu. Tumefurahi kusikia habari za meno ya Brandon, ingawa Mama anasema meno mawili kwa mpigo ni dalili ya mtoto mbishi, na kwamba katika ukoo wenu hilo si ajabu. Sisi hatujambo. Nimepata alama nzuri katika insha. Jogoo bado yupo.

Mama alisoma ile sehemu ya mageti mawili, akasema nikuulize tangu lini watu wanachomelea Jumapili hapo kwenu, wakati kanisa liko ukuta kwa ukuta na kibanda chako, na mchungaji ndiye aliyekupa umeme. Nimeuliza kwa sababu ametaka niulize.

Nimeyafikiria yale mambo matatu. Nimeyafikiria hata darasani, mpaka Mwalimu Murunga akaniuliza kama dirisha lina jibu. Wewe unasema sikufanya tendo la mchezaji kwa sababu niliachana na mpira. Lakini sikuachana nao. Nilikupa. Anko, mtu hawezi kumpa mwingine kitu ambacho hajakipata. Nikienda mbele kanisani na sadaka, nikamnyoshea mzee wa kanisa, naye akawa anaangalia kwaya na sarafu ikaanguka, hakuna atakayesema sikuwa na sadaka. Watasema mzee wa kanisa hakuipokea.

Mpira ungekuwa haujanikaa mikononi, ningewezaje kuugeuza, kukunja goti, kukutafuta ulipo, na kukunyoshea? Hayo yote ni matendo, na niliyafanya mimi.

Nilimwuliza Wangoi maoni yake. Akasema, "Wewe Sabuni, kwani ilikuwa harusi? Unapeana papai kama zawadi! Ungeikumbatia tu kama mtoto ungojee filimbi." Wasichana wakacheka, na mimi pia nikacheka, kwa sababu alikuwa akiigiza goti langu na aliliigiza vizuri sana. Lakini usiku sikucheka.

Bado naomba lile neno.

Mimi,
Mitchelle

*

Gatina
9 Machi 2025

Kwa Anko Shiundu,

Hujambo? Wiki tatu zimepita. Mama Filister anasema barua alikupa mkononi, ukaisoma ukiwa umesimama, ukaikunja ukaiweka mfukoni, ukarudi kuchomelea bila kuvaa miwani. Yeye husema kwamba hasomi barua za watu, anabeba tu, lakini Alhamisi aliniambia, "Mtoto, hiyo ya sadaka umemweza."

Kama nimekukosea heshima, niambie. Lakini sidhani nilikukosea.

Mvua imeanza huku.

Mitchelle

*

Soweto East
16 Machi 2025

Kwa Mitch,

Hujanikosea. Mwambie Filister ashughulike na omena zake.

Huku tuko sawa. Mvua ilipitia kwenye paa la kibanda na kuzima mashine yangu siku nzima, nikakaa nayo kama mgonjwa. Brandon amesimama mwenyewe. Alisimama, akatuangalia mimi na Anti yako kama mtu anayetaka hotuba, kisha akakaa.

Jibu langu lilikuwa linatafuta maneno, nikalipata kazini. Nina kijana anayejifunza kwangu, anaitwa Kevin. Juzi nimekata chuma, bado hakijapoa, yeye akakiokota. "Wee! Wee!" Akakirusha mpaka kwa muuza viazi. Sasa niambie, Kevin alishika chuma? Kiligusa mikono yake yote miwili, vidole vyote kumi. Miguu yake ilikuwa chini. Lakini hakuna mtu hapa Soweto aliyesema Kevin ameshika chuma. Tumesema chuma kimemshika Kevin.

Mpira ukifika kwako na ukatoka kwako bila wewe kufanya nao kitu, ni chuma cha moto. Ndiyo maana lile jambo la tatu liko kwenye sheria.

Kuhusu Jumapili, mambo ni mengi. Hapo kwa stage yenu ya matatu ya Gatina pia kuna vijana wana midomo. Tuache hiyo.

Anko,
Shiundu

*

Gatina
Alhamisi, 20 Machi 2025

Kwa Anko Shiundu,

Mpe Kevin pole, na Brandon hongera. Ninaandika haraka kwa sababu Mama Filister anafunga magunia.

Sikujua kuhusu vijana wa stage. Nimemwuliza Mama, akaniambia kwamba jioni ile baada ya mechi ulikuja hadi Gatina, wakakupigia kelele, "Refa wa Kibera! Umeuza watoto wetu!" nawe ukageuka ukarudi. Kwa hiyo ulikuwa unakuja. Hilo sikulijua, na nimekuwa nikikasirika Jumapili zote hizi.

Lakini mfano wa chuma naukataa.

Kevin alirusha chuma kokote. Kilienda kwa muuza viazi kwa sababu muuza viazi alikuwa upande huo. Angekuwa mbuzi, kingeenda kwa mbuzi. Mimi sikurusha. Nilimchagua mtu, nikamwendea, nikakunja goti. Anko, hakuna mtu duniani anayekunja goti na chuma cha moto mikononi. Anayepeana kwa mikono miwili ni yule ambaye kitu kimemtulia.

Na kama ni muda, muda wa kukunja goti ni mrefu kuliko muda wa kupiga hatua. Tulipima na Wangoi kwenye korido. Yeye alipiga hatua, mimi nikakunja goti, akanishinda kila mara.

Uliniambia Wamarekani walibadilisha sheria yao ili ieleweke. Je, nyinyi marefa wa Kibera na Kawangware mnaruhusiwa kuifafanua yetu? Wamarekani hawakuwaza kuhusu goti kwa sababu hawana Nyanya yetu.

Mitchelle

*

Soweto East
Jumapili, 6 Aprili 2025

Kwa Mitch,

Habari za kufunga shule? Hapa Anti yako ameanza kuuza chapati nje ya zile ghorofa mpya na wateja wanamkubali. Brandon anatembea akishika ukuta.

Keti chini nikusimulie. Jana tulikuwa na mkutano wa marefa, mimi, Mukhwana wa Gatwekera, na Kavoi ambaye husimamia upande wenu wa Kawangware. Tulikutana kwenye kibanda cha chai. Nikatoa barua yako ya mwisho nikaisoma. Jina sikutaja. Nilisema, "Mchezaji mmoja wa Gatina." Kavoi akaniuliza, "Huyo mchezaji ana Nyanya mmoja na wewe?" Basi nikaendelea kusoma.

Nilipofika kwa goti na chuma cha moto, wakaweka vikombe chini. Mukhwana akasema hapana, akipeana haraka hivyo hajashika, tukianza kuhesabu magoti tutahesabu mpaka chafya. Kavoi akasema ndiyo, ameshika. Wakabishana mpaka wateja wengine wakaingilia, na wewe unajua Kibera, mtu hawezi kunywa chai karibu na ubishi bila kuchukua upande.

Kavoi akasimama na mandazi. Akamwambia Mukhwana, "Weka mikono nyuma." Mukhwana akaweka. Kavoi akakunja goti, akampa mandazi kwa mikono miwili. Mandazi ikaanguka kwenye matope. Kavoi akauliza kibanda kizima, "Sasa hii mandazi ilikuwa ya nani?" Kabla mtu hajajibu, mwenye kibanda akapiga kelele kutoka jikoni, "Ilikuwa yako, Kavoi! Ulikuwa nayo, umeiangusha, utailipa!"

Kavoi akamgeukia Mukhwana. "Umesikia? Nilikuwa nayo."

Hapo Mukhwana alicheka akasalimu amri. Tumeandika sheria, na itasomwa kwa timu zote: Mchezaji aliye ndani ya eneo la bao, mpira ukimtulia mikononi na miguu miwili ikakanyaga ndani, kisha akamkabidhi refa kwa mikono yake, amefanya tendo la mchezaji. Mpira ukianguka hapo, wa kulaumiwa ni refa.

Ni sheria yako, Mitch. Lakini inaanza na mechi zijazo. Ya Januari imepita, na kuhusu Januari msimamo wangu ni ule ule.

Pasaka njema. Hatutaenda Butere mwaka huu.

Anko,
Shiundu

*

Gatina
Jumapili, 11 Mei 2025

Kwa Anko Shiundu,

Naandika ingawa jana tulionana, kwa sababu jana hatukuzungumza. Natumai nguo zako zimetakata. Mama anasema matope ya Kibera hutoka kwa maji ya chumvi, ulowanishe kwanza. Salamu kwa Anti Jael, na asante kwa chapati alizotupa baada ya mechi ingawa tulikuwa wapinzani.

Nitaeleza tena kana kwamba hukuwepo, maana nimegundua kwamba hunisaidia.

Tangu sheria mpya isomwe, wasichana wote wa ligi wamegeuza lile goti kuwa mtindo. Mtu akipata bao, anakunja goti na kumkabidhi refa mpira kwa madaha, kama anayemkaribisha mgeni chai. Watazamaji wanapiga vigelegele. Wangoi ndiye anayezidisha, yeye hukunja yote mawili. Mimi sijapata nafasi ya kufanya hivyo tangu Januari, kwa sababu wananirushia mara chache. Ni jina la Sabuni tu, nadhani. Wanaogopa.

Jana Gatina tulikuwa mbele ya Soweto East. Uwanja ulikuwa matope. Ikabaki mara moja ya kurusha, safari hii wakiwa wao. Kocha aliniambia nimlinde Apiyo. Nilimlinda, Anko, lakini ni mrefu kuliko mimi, na mpira ulipita juu ya vidole vyangu. Akaushika. Aligeuka akakutafuta, na wewe ulikuwa unakuja mbio, ukateleza, ukakaa chini na mikono yote miwili ikazama kwenye matope. Apiyo alikuwa tayari amekunja goti. Alikunyoshea, hukuwa na mkono wa kupokea, mpira ukaanguka.

Kavoi alikuwa mbali upande wa pili. Hakuna refa aliyeona miguu.

Ukasema ukiwa bado umekaa, "Nani alikuwa karibu?"

Apiyo akasema, "Ni huyu wa Gatina."

Wangoi akapiga kelele nyuma yangu, "Mitch! Usifungue mdomo! Sema jua lilikuwa machoni!" Hakukuwa na jua.

Ulisimama. Nguo yako ya refa ilikuwa imebadilika rangi. Hukuniita Mitch. Ulisema, "Shahidi wa karibu, sema ulichoona," na watu wote wa Kibera na Kawangware wakanitazama mimi.

Nitakwambia nilichowaza. Niliwaza kwamba sheria ni yangu, na kwamba nikisema sikuona, itakuwa ya watu wengine, si yangu tena. Niliwaza pia kuhusu Januari, kwamba kulikuwa na mtu aliyeona na hakuulizwa. Nikasema, "Alishika. Kulia ndani, kushoto ndani. Akakunja goti, akakupa. Wewe ndiye hukupokea."

Kavoi alicheka sana kule alikokuwa. Wewe ukapuliza filimbi na kuinua mikono juu, matope yakikutiririka hadi kwenye viwiko, na Gatina tukashindwa.

Wangoi akaja akashika kichwa. "Sabuni wewe! Mpira uliangusha peke yako, sasa umeangusha timu nzima!" Wengine hawakunisemesha. Lakini Apiyo alikuja akanishika mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Na wewe Januari ulishika. Mimi niliona. Nilikuwa nangoja kuulizwa."

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Wangoi hakuongea nami mpaka Dagoretti Corner. Hapo akanunua soseji ya smokie, akaikata katikati, akaninyoshea nusu. "Shika, Shahidi." Hilo ndilo jina langu sasa, nadhani. Nikaipokea kwa mikono miwili. Akasema, "Na usiiangushe."

Kwa hiyo Anko, sikuombi tena lile neno. Nina shahidi, na nina sheria, na sasa Nyanya ameambiwa na Mama kwamba mjukuu wake ameandika sheria ya mpira, akajibu kwamba alijua tangu nilipozaliwa. Ukiwa na sababu yako ya kunyamaza, nyamaza nayo. Ila Jumapili uje. Vijana wa stage nimewaeleza mimi mwenyewe. Mmoja akaniuliza, "Kwani ule uncle wako ndiye alianguka kwa matope?" Nikasema ndiyo. Wakasema wewe ni mtu wa watu.

Nimesoma kwamba mchezo huu wa vitambaa utachezwa katika Olimpiki ya mwaka wa 2028. Nitakuwa na umri wa miaka kumi na saba. Sisemi kitu, nimesoma tu.

Mpwa wako,
Mitchelle

*

Soweto East
Ijumaa, 16 Mei 2025

Kwa Mitchelle,

Maji ya chumvi yamefanya kazi. Brandon ameachilia ukuta, sasa anatembea na kuanguka kama baba yake.

Nitaandika kifupi kwa sababu nimekwepa kwa kirefu.

Siku ile ya Januari mikono yangu ilikuwa imeanza kutoka. Ulikunja goti, na mikono ikatoka yenyewe bila kuniuliza, kama mtu anayepokea kikombe kwa dada yake. Nikasikia mtu nyuma yangu akisema, "Ona sasa, uncle anapokea zawadi." Nikairudisha nyuma ya mgongo. Nikishairudisha, ikabidi nitafute sheria ya kuieleza, na nikaipata, maana ukitafuta sheria huwa hukosi. Yote niliyokuandikia ni ya kweli kama yalivyo kwenye kitabu cha sheria. Ni ile mikono tu ambayo sikuiandika.

Jumamosi ulisimama mahali pale pale niliposimama mimi, watu wote wakikuangalia, na timu yako ikikupigia kelele mgongoni. Hukutafuta chochote. Ulisema tu.

Mitchelle, ulishika.

Nimempigia Nyanya nikamwambia mimi mwenyewe. Kavoi na Mukhwana pia nimewaambia. Filister nilitaka kumwambia, nikakuta anajua.

Jumapili nakuja kula. Mwambie dada yangu anihesabu, na yule jogoo atafute kwao. Sahani yangu usiniwekee mezani. Niletee mkononi, na goti lako kidogo. Utanikuta mikono yangu iko mbele.

Anko wako,
Shiundu